Keziah Murugi, Aliyeipa Televisheni Jina Lake

Ndugu na majirani, wageni wetu mliotoka Endarasha, Nanyuki, Karatina na Majengo, sehemu kubwa ya haya mtakayosikia ilisimuliwa mara ya kwanza na Bi Zuena Salim, rafiki wa marehemu kwa miaka thelathini, alasiri ya Alhamisi tarehe 7 Agosti 1986, siku moja baada ya kifo, wakati kina mama walipokuwa wakimenya viazi nyuma ya nyumba hii ya Ruring'u, na mmoja wao akauliza, bila ubaya wowote, kama ni kweli marehemu aliwahi kumnyima chakula mke wa mwanawe. Bi Zuena aliweka kisu chini, akasema, "Huyo unayemuulizia hakuwahi kuishi hapa," kisha akaeleza tangu mwanzo, na viazi vikabadilika rangi kwenye karai kabla hajamaliza. Familia imezilinganisha tarehe zake na zile zilizohifadhiwa nyumbani, na palipokuwa na tofauti, tumeuliza waliokuwapo.

Marehemu Keziah Murugi alizaliwa tarehe 18 Aprili 1937, Kiganjo, akiwa binti wa pili wa Theuri wa Ngatia, mfanyakazi wa reli, na mkewe Nyawira. Kwa wageni wetu wasioijua desturi yetu, tunaeleza kwamba sisi hatuwachagulii watoto majina, msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama, kwa hivyo dada yake Watiri alichukua jina la upande wa baba, na yeye akachukua la nyanya yake Murugi, ambaye alikuwa hai siku hiyo na alimpokea mikononi. Mtu aliyepewa jina kwa namna hiyo hulitunza kwa sababu si lake peke yake, lilikuwa la mwingine kabla yake, na hutarajia kuliona likirudi kwa mjukuu, na asipoliona likirudi, kwetu ni kana kwamba ukoo umemruka. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu hapo ndipo maisha yake yalipokwama.

Alianza masomo mwaka 1945 katika shule ya kanisa ya Kiganjo, akasoma mpaka darasa la saba, na mwezi wa Februari 1953 shule ikafungwa kwa sababu ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, naye hakurudi tena darasani. Mwaka uliofuata familia ilihamishiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, ambako kina mama walichimba tangu asubuhi hadi jua kugeuka, na huko ndiko alikojulikana kwa mara ya kwanza kwa kuigiza, kwani aliweza kuonyesha mwendo wa mlinzi wa lango kwa kichwa na mabega tu, bila kutoa neno wala kuachilia jembe, na wenzake wakacheka hadi machozi, nyuso zikiwa zimeelekea chini.

Mwaka 1956 alipata kibali cha kufanya kazi mjini Nyeri, nyumbani kwa Bwana Salim, mwuza nyama wa Majengo, na mkewe Bi Mwanabibi, ambao binti yao Zuena alikuwa na miaka kumi na mitano. Bi Mwanabibi hakuvumilia Kiswahili cha kubahatisha, msichana akiuliza, "Maji iko wapi?" yeye hukaa kimya akiendelea kukaanga vitumbua, kisha husema, "Maji yako wapi, mwanangu. Sema tena, halafu utakunywa." Miaka miwili ya kiu ya namna hiyo ilimpa Keziah lugha safi kuliko wengi wa rika lake hapa milimani, na lugha hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa kazi yake.

Tarehe 13 Desemba 1958 alifunga ndoa kanisani, mjini Nyeri, na Hezekiah Muriithi wa Kingori, mpishi katika hoteli moja ya Nanyuki, wakajaliwa watoto wawili, Kingori, aliyezaliwa Nanyuki tarehe 2 Oktoba 1959, na Wachuka, aliyezaliwa huko huko tarehe 21 Juni 1962. Mwaka 1964 walihamia hapa Ruring'u, mzee akiendelea na kazi Nanyuki na kurudi mwisho wa wiki, na mwaka uliofuata marehemu akajiunga na kikundi cha kina mama kilichoonyesha michezo katika ukumbi wa jamii wa Nyeri, michezo ya kuhimiza watu wachemshe maji na wapeleke watoto kuchanjwa. Hapo ukumbini, katika sherehe za Desemba 1968, alionwa na mtayarishaji wa vipindi kutoka Nairobi, ambaye familia imeamua asitajwe jina, na Februari 1969 akaanza kazi katika kipindi cha televisheni kilichoitwa "Mlango wa Jikoni", akiwa mama mkwe mkali katika nyumba moja ya mashambani, na Bi Saumu, mwigizaji mwenzake, akiwa mke wa mwanawe.

Wakati ule kipindi kilirekodiwa mfululizo, bila kukatwa katikati, na waigizaji hawakupewa maneno ya kukariri, walielezwa tu hadithi inaanzia wapi na kuishia wapi, kwa hivyo mtayarishaji aliwaambia kila mmoja atumie jina lake mwenyewe, mtu akiitwa asije akasahau kuitika. Saumu akawa Saumu, na mama mkwe akawa Murugi. Marehemu alikuwa na miaka thelathini na mmoja, alikuwa na furaha ya kazi mpya, na hakuona kwamba alilolitoa halikuwa lake peke yake.

Alikuwa hodari, na hilo lisemwe waziwazi hapa. Aliweza kufunga ghala la chakula kwa namna ambayo mtazamaji alisikia njaa, aliweza kumwita mke wa mwanawe kwa sauti ya upole ambayo ilitisha kuliko kelele, na kila Alhamisi jioni watu walijaa katika kumbi za jamii za Nyeri, Karatina na Nanyuki kumtazama na kumchukia. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, jina lake lilikuwa limekuwa tusi. Mwanamke akimkaripia mke wa mwanawe, majirani walimwuliza kama amekuwa Murugi, na mtoto akinyimwa mkate, alilia, "Wewe ni Murugi!"

Mwaka 1971, sokoni Karatina, aliinama kuchagua karoti, na mwuzaji akazifunika kwa gunia.

"Murugi, mke ya mtoto wako amekula?"

"Amekula, mama. Nipimie karoti."

"Ati amekula! Alhamisi si tulimwona akiramba sufuria!"

Mstari mzima wa wauzaji ulicheka, wengine kwa utani, wengine si kwa utani, naye aliondoka na kikapu kitupu, na tangu siku hiyo dada yake Watiri ndiye aliyemnunulia mboga. Mzee Hezekiah naye hakuachwa, wenzake wa jikoni Nanyuki walimwuliza kila Jumatatu kama amepewa chakula au amefungiwa nje, akawajibu, "Mpishi ni mimi. Nikifungiwa nje, ni yeye atalala njaa," wakacheka naye akacheka, lakini nyumbani hakulirudia neno hilo.

Jumapili tarehe 16 Machi 1975 walifika hapa nyumbani wanawake watatu kutoka Othaya, waliovaa nguo za kanisani, wakakaa kwenye kiti kirefu wakiwa wamebanana, na mkubwa wao akasema, "Mama, sisi watatu tunaitwa Murugi. Hatukukuja kukutukana. Mimi niko na mjukuu wa jina langu, ako darasa la pili, kila Ijumaa anarudi akilia. Huyu mwenzangu, mjukuu yake amezaliwa juzi, na wametafuta jina ingine. Tunakuomba uwaambie watu wa televisheni wakupatie jina ingine, hata liwe la kuchekesha." Marehemu aliwapikia chai, akawasindikiza mpaka barabarani, na Jumanne alipokwenda Nairobi kurekodi alimwendea mtayarishaji kabla hajavua koti.

Jibu alilopewa alimweleza Zuena siku iliyofuata, neno kwa neno. Mtayarishaji alimwambia kwamba jina limeshika, likibadilishwa watu watasema ni mtu mwingine, na yeye akichoka anaweza kwenda nyumbani bila ugomvi wowote, kwani yuko mwanamke tayari wa kukaa mahali pake, naye pia ataitwa Murugi. Alikuwa amekwenda kuomba mlango, akaonyeshwa kwamba akitoka, jina litabaki ndani bila yeye. Zuena alimshauri aache, akamjibu, "Nikiacha, nitakaa Ruring'u nikimtazama mgeni akilichafua jina la nyanya yangu, na sitakuwa na la kufanya. Bora niwe hapo nilishike mwenyewe."

Akabaki. Tangu siku hiyo, alipoambiwa apige, alisukuma, alipoambiwa amwage uji wote, alimwaga nusu na kuuacha mwingine mahali Saumu angeufikia, alipoambiwa acheke, alitazama pembeni, na watazamaji, ambao hawakujua alichokuwa akifanya, walisema Murugi anazidi kuwa mjanja. Kazi ilimletea sifa, alitajwa katika magazeti, alialikwa kufungua sherehe za shule mbili za Mweiga, na katika zote mbili alitambulishwa kwa watu kama Murugi yule mnayemjua, wanafunzi wakazomea kwa furaha, naye akapunga mkono kwa sababu hakuna kingine ambacho mtu angeweza kufanya.

Mwishoni mwa mwaka 1980, mwanawe Kingori, ambaye wakati huo alikuwa karani wa duka la mbegu Nanyuki, alimweleza kwamba amepata mchumba, Nyaguthii, binti wa Mzee Mutahi wa Endarasha, na kwamba nyumbani kwao kuna televisheni. Mtoto wa kwanza wa kike wa Kingori ndiye ambaye angekuwa Murugi, na kwa upande wa Wachuka, ambaye alikuwa ameingia utawa mwaka huo, jina lisingeweza kutazamiwa, kwa hivyo njia ilikuwa moja tu, na ilipitia Endarasha.

Katika kipindi kilichoonyeshwa Alhamisi tarehe 22 Januari 1981, hadithi ilitaka mama mkwe aufungie ndani mtungi wa maji, Saumu asiufikie. Badala yake marehemu alichota uji, akaumimina kwenye kibuyu, akakitoa kwa mikono miwili mbele ya kamera, akasema, "Saumu, mwanangu, nimekukosea miaka yote hii. Keti, ule kwanza, halafu unieleze niliyokufanyia, moja baada ya lingine, nami nitasikiliza." Bi Saumu, ambaye hakuwa ameambiwa, alilia machozi ya kweli, na kwa kuwa kipindi hakikuweza kukatwa, kikaenda hewani kama kilivyokuwa.

Jioni ile marehemu na Zuena walikaa kiti cha nyuma katika ukumbi wa jamii wa Nyeri, leso zikiwa zimevutwa mpaka kwenye paji la uso, kwa sababu alitaka kusikia kwa masikio yake. Alipokitoa kibuyu, sauti ya mwanamke ikatoka mbele, "Wewe Saumu, usikunywe hiyo uji!"

"Ameweka nini ndani?"

"Ona machozi yake. Ati mwanangu! Leo ni mwanangu!"

"Afadhali akitukana," akasema mzee mmoja aliyekuwa karibu nao, na akageuka kumwambia marehemu mwenyewe, bila kumtambua, "Akitukana tunamjua. Sasa hapa ndipo pabaya, mama, utaona." Zuena alimshika mkono ili watoke, lakini yeye alikaa mpaka picha ikaisha na watu wakaanza kubeba viti, na njiani akasema neno moja tu, kwamba ameigiza vizuri mno miaka yote na sasa hakuna atakayemwamini akiacha.

Mtayarishaji hakumkaripia, alimshukuru, kwani watu walikuwa wameandika kwa wingi wakitaka kujua kilichokuwa katika uji, na hadithi ya wiki iliyofuata ikawa kwamba Saumu ameanguka mgonjwa. Marehemu aliomba kwa saa nzima isiwe hivyo, akakumbushwa juu ya yule mwanamke aliyekuwa tayari, akaingia mbele ya kamera, akaiigiza.

Jumamosi tarehe 25 Aprili 1981 familia ilikwenda Endarasha kubisha hodi, Mzee Hezekiah, marehemu, Kingori, Watiri na wazee wanne wa ukoo. Walipokelewa kwa heshima na Mzee Mutahi na mkewe Wamuyu, lakini uji ulipoletwa, na desturi ikitaka mama ya mvulana aonje na kumpitishia mama ya msichana, shangazi ya Nyaguthii aliingilia kati na kukichukua kibuyu. "Huu tutajipakulia wenyewe," akasema, na vijana waliokuwa dirishani wakacheka mpaka wakafukuzwa. Mzee Hezekiah alisimama, kofia mkononi, na marehemu akamvuta mkono wa koti mpaka akakaa.

Mzee Mutahi, ambaye leo ameketi pamoja nasi na ameturuhusu kuyataja maneno yake, alisema hivi, "Mimi najua ni mchezo. Sina neno na mama huyu. Lakini mtoto akiitwa jina hilo ataenda nalo shuleni, ataenda nalo sokoni, na mimi sitakuwa huko kumweleza kila mtu kwamba ulikuwa mchezo." Akaomba mambo mawili, kwamba vijana wakae Nanyuki na si Ruring'u, na kwamba jina Murugi lisiitwe katika nyumba yao. Wazee wa upande wetu walisema jambo la pili haliwezi kuombwa na mtu yeyote, kwamba halijawahi kuombwa, na kikao kilikuwa karibu kuvunjika, Kingori akiwa amesimama nje kando ya ng'ombe akisubiri kuambiwa kama ana mke au hana, ndipo marehemu akasema kwa sauti ya kawaida, "Tumekubali. Tuendelee." Hakuna mwanamke wa ukoo huu aliyewahi kulikataa jina lake mwenyewe mbele ya watu, na wazee hawakuzungumza naye walipokuwa wakirudi.

Harusi ilifanyika tarehe 29 Agosti 1981. Kipindi cha "Mlango wa Jikoni" kilifungwa Desemba 1982, bila kuaga, baada ya miaka kumi na mitatu na zaidi, na marehemu akarudi nyumbani na mfuko wa nguo za kuigizia. Alijaribu kupata kazi nyingine, lakini aliitwa tu kuwa mchawi au mwizi wa watoto, na watengenezaji wa sabuni moja waliokuwa wamemwita aigize tangazo walimrudisha mlangoni, wakisema wateja watadhani inachubua. Akachukua vijana wa ukumbi wa jamii, akawafundisha kuigiza bila malipo, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba hakuna atakayetumia jina la nyumbani kwao.

Tarehe 9 Machi 1983, Nanyuki, alizaliwa binti wa kwanza wa Kingori, akaitwa Wamuyu, jina la mama ya mama, kabla ya zamu yake. Marehemu alikwenda kumwona pamoja na Watiri, akabeba uji na kuni kama inavyotakiwa, akampokea mtoto, akauliza anaitwa nani ingawa alijua, na alipoambiwa, akasema, "Wamuyu ni jina zuri. Alitunze." Alipofika Majengo alikaa kwa Zuena kutwa nzima akimsaidia kufuma mkeka, na alipoinuka kwenda akasema, "Mimi nimekatwa, Zuena. Nimesimama mahali pangu nikiangalia."

Mwezi wa Septemba 1985 sauti yake ilianza kukwaruza, akadhani ni baridi ya Julai iliyochelewa kutoka, na mwezi wa Novemba madaktari wa hospitali ya Mathari, hapa Nyeri, wakamwambia kwamba ni uvimbe wa koo, wakampeleka Nairobi, ambako alitibiwa mpaka baada ya Krismasi. Alirudi nyumbani tarehe 11 Januari 1986 akiwa hawezi kusema kwa sauti. Mzee alikuwa bado kazini, Wachuka alikuwa mbali katika utawa wake, na kabla familia haijaamua ni nani atakayemwangalia, Nyaguthii alishuka hapa Ruring'u na mtoto wake na sanduku, akiwa na mimba changa, bila kuwauliza watu wa kwao wala kungoja kuitwa.

Yeye mwenyewe ametueleza kwamba alikuja kwa woga, na kwamba wiki ya kwanza alionja kila kitu kabla mtoto hajala, hata maji. Hatutasema kwamba alimkuta malaika. Marehemu alikuwa mtu wa kuchagua, hakutaka githeri ya jana, hakutaka sufuria ioshwe kwa mchanga, na akitaka kitu aligonga kikombe kwa kijiko mpaka mtu afike. Lakini Nyaguthii alipotapika asubuhi kwa sababu ya mimba, mgonjwa ndiye aliyeamka kuwasha moto, na siku moja mwezi wa Mei, wakiwa wawili jikoni na mtoto, Nyaguthii akamwuliza bila kufikiri, "Mama, yule Murugi ulikuwa unamfanya aje?" Marehemu akakunja shingo, akainua nyusi moja, akaegemea mlango wa ghala, na yule mwanamke aliyechukiwa milima yote hii akawa amesimama hapo bila kutoa sauti. Mtoto Wamuyu akalia kwa hofu, marehemu akauachilia uso haraka, akamchukua, na wote watatu wakacheka, mgonjwa kwa mabega tu.

Mwezi wa Julai Nyaguthii alimwambia kwamba, akijifungua msichana, anafikiria kumwita jina lake. Marehemu aliweka kiganja juu ya tumbo la mke wa mwanawe, akatikisa kichwa, akatikisa tena, na Nyaguthii alipotaka kuendelea akagonga kikombe kwa kijiko mpaka akanyamaza. Hivyo hata yeye aliufunga mlango huo, na hakuna aliyeufungua tena akiwa hai. Hali yake ilibadilika tarehe 3 Agosti, akapelekwa Mathari, na akafariki huko Jumatano tarehe 6 Agosti 1986, saa tano asubuhi, mumewe akiwa amemshika mguu mmoja na Zuena mwingine, kwa sababu ilikuwa ni miguu iliyosikia baridi.

Jumamosi tarehe 9 Agosti Nyaguthii alijifungua mtoto wa kike katika hospitali hapa Nyeri. Endarasha walikuwa wamepanga aitwe jina la shangazi, na shangazi mwenyewe alifika Jumapili akiwa na shuka jipya, akaliuliza jina kwa furaha ya mtu anayejua jibu.

"Anaitwa Murugi," akasema Nyaguthii.

"Ati nani? Wewe, unataka mtoto aitwe tusi?"

"Shangazi, mimi nimekaa naye miezi saba. Nyinyi mmekaa na televisheni."

"Na sokoni je? Na shule? Utamfuata na fimbo?"

"Nitamfuata. Akiitwa vibaya, nitaenda niulize ni nani aliyemwita."

Shangazi alichukua shuka lake, akafika mlangoni, akarudi, akaliacha kwenye kitanda, akaenda zake. Habari zilifika Endarasha jioni hiyo, na kwa siku nne hatukusikia neno. Leo asubuhi, saa tatu, Mzee Mutahi ameingia katika nyumba hii, ameomba kuonyeshwa mtoto, amemnyanyua, amemtazama kwa muda, na mbele ya mashahidi waliokuwa sebuleni amesema, "Murugi, ni mimi babu yako. Wageni wamefika." Kwa sheria ya nyumbani kwetu, jina likishaitwa na wazee wa pande zote mbili halirudishwi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mathari, hasa wale waliomfunga blanketi miguuni bila kuombwa, inawashukuru majirani wa Ruring'u kwa kuni, maji na usingizi walioupoteza, waumini wa Majengo waliotuletea chakula kwa wiki nzima, waigizaji wenzake waliotoka Nairobi, vijana wa ukumbi wa jamii waliobeba jeneza, na wauzaji wa soko la Karatina waliotuma magunia mawili ya mboga na kukataa kusema ni nani aliyechanga.

Kati ya waliotajwa, Bwana Salim na Bi Mwanabibi walishatangulia, pia Theuri na Nyawira, na mtayarishaji alifariki mwaka 1984. Kati ya kina Murugi watatu wa Othaya, mkubwa wao amekufa, wawili wako hai na wameketi safu ya tatu. Walio hai ni Mzee Hezekiah Muriithi, dada yake Watiri, Zuena Salim, Bi Saumu, Kingori, Wachuka, Nyaguthii, Mzee Mutahi na mkewe Wamuyu, shangazi, ambaye amefika na tunamshukuru, na wajukuu wawili, Wamuyu mwenye miaka mitatu, na Murugi wa Kingori, aliyezaliwa juzi, ambaye yuko ndani, amelala.

Keziah Murugi, weka mzigo chini upumzike, jina tumelipokea.